Kuwazuia paa na mbawala wasile miche: dawa ya harufu ya mayai viza, hatua kwa hatua

Mche wa mchungwa uliobebeshwa ukikatwa kichwa wiki ya pili baada ya kupandwa, hasara si majani tu. Paa akila kikonyo chote, yaani kile kipande cha mchungwa kilichopandikizwa juu ya shina la mti mwingine, machipukizi yatakayotoka chini ni ya shina lililobebeshwa, mara nyingi mlimau, na mwenye shamba anaweza kuukuza mti kwa miaka kadhaa ndipo agundue kwamba alichokuwa akikimwagilia si chungwa. Kwa hiyo wakulima wa Muheza, Pangani na vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa Saadani hawana sababu ya kungoja mpaka waone jani limeng'atwa.

Tuelewane jambo moja kwanza, kwa sababu wengi huiacha dawa hii kwa kutarajia isichokifanya. Harufu haimfukuzi mnyama shambani. Atapita, atanusa, pengine ataonja. Kinachotokea ni kwamba mche wako unakuwa chakula anachokichagua mwisho, baada ya majani mengine yote yaliyo karibu. Ukifyeka pori lote pembeni ukaacha mche peke yake katikati ya mchanga mtupu, hata uupake nini, mwenye njaa atakula. Acheni ukanda wa majani na vichaka nje ya mpaka wa shamba.

Dawa za viwandani zinazotumika Ulaya na Marekani dhidi ya kulungu zinafuata njia hiyohiyo: mayai yaliyooza, damu iliyokaushwa, mafuta ya kondoo. Kulungu wao, yule wa pembe zenye matawi zinazodondoka kila mwaka, huku hayupo. Lakini paa, funo, mbawala na digidigi wa upande mkavu wa Handeni ni wacheuaji kama yeye, na wote huishi kwa kunusa. Yai linapooza hutoa harufu ya salfa, na kwa mla majani harufu ya nyama iliyooza ni dalili kwamba mla nyama yuko karibu.

Mjue anayekula

Wacheuaji hawana meno ya mbele ya juu. Hubana jani kati ya meno ya chini na ufizi, kisha huvuta, kwa hiyo tawi hubaki limechanika, lina nyuzinyuzi. Ukikuta limekatwa mshazari, safi kama kwa wembe, huyo ni sungura au panya wa aina fulani, na ndezi hukata karibu kabisa na ardhi. Mche uliong'olewa na kutupwa ni kazi ya ngedere au nyani.

Tazama na kimo. Uharibifu ukiishia chini ya mita moja, shuku paa, funo au digidigi. Ukifika mita moja na nusu, ni mbawala, ambaye wengine humwita pongo. Mbuzi huacha alama ileile ya kuchanika, tena hupanda kwa miguu ya nyuma, hivyo angalia nyayo na mavi kabla ya kumlaumu mnyama wa porini. Na gome likiwa limechubuliwa kwa pembe, harufu haisaidii. Hapo zungushia shina fito nne na kamba.

Vinavyohitajika

Kipimo hiki kinatoa karibu lita saba na nusu, zinazotosha miche 70 hivi isiyozidi mita moja, kila mmoja ukipata mililita 100:

- mayai 30, yaani trei moja (karibu lita moja na nusu yakishavunjwa)
- maji lita 6
- kipande cha sabuni ya mche chenye ukubwa wa kiberiti, gramu 20 hivi, kilichoparuzwa
- mafuta ya kupikia vijiko 4 vya chakula
- pilipili kichaa kavu iliyotwangwa, vijiko 2 vya chakula
- ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, kitambaa cha kuchujia, glavu, na bomba la kupulizia

Uwiano ndio wa kushika: sehemu moja ya mayai kwa nne za maji. Usinunue mayai mazuri kama unaweza kupata viza. Wanaototoa vifaranga hutupa mayai yaliyokataa kuangua, na hayo yameshafanya nusu ya kazi yako.

Bomba liwe la kazi hii peke yake. Lililowahi kubeba dawa ya magugu hubaki na masalia kwenye mpira na nozeli hata baada ya kuoshwa, na miche michanga hukauka, kisha lawama inaliangukia yai.

Hatua

1. Tia lita 5 za maji kwenye ndoo. Yai viza lina gesi ndani na linaweza kupasuka mkononi, kwa hiyo lizamishe kwanza, kisha livunje chini ya maji kwa kijiti. Fanya kazi hii nje, mahali penye upepo, na usiiinamie ndoo. Ondoa maganda.

2. Koroga mpaka kiini na ute vichanganyike. Funika kwa kitambaa ili inzi wasitage, halafu weka mfuniko juu bila kuukaza. Ukikazwa, gesi itaurusha. Mayai mazuri yakae kivulini siku tatu hadi nne. Kwa joto la pwani zinatosha. Mayai viza yanaweza kutumika siku hiyohiyo.

3. Siku ya kupulizia, pasha mafuta moto mdogo pamoja na pilipili kwa dakika kumi, yasichemke. Ukali wa pilipili hutoka vizuri kwenye mafuta kuliko kwenye maji, na ndiyo sababu wanaoiloweka pilipili kwenye maji matupu hupata rangi bila ukali. Chuja.

4. Yeyusha sabuni kwenye nusu lita ya maji ya vuguvugu, mimina mafuta ya pilipili humo, kisha tikisa kwa nguvu kwenye chupa mpaka yawe meupe kama tui. Sabuni ndiyo inayoyaunganisha mafuta na maji. Bila sabuni mafuta yataelea, na miche ya mwisho itapata mafuta matupu na kuungua.

5. Chuja mayai mara mbili. Zile kamba nyeupe za ute ndizo zinazoziba nozeli. Kifumbu cha tui kinafaa sana, ila kikishaingia humu kisirudi jikoni.

6. Changanya vyote, ongeza nusu lita ya maji iliyobaki, tikisa, anza kupulizia. Tumia yote ndani ya siku mbili.

Kabla ya kutengeneza dawa ya shamba zima, tengeneza kidogo, jaribu kwenye miche mitatu na ungoje siku mbili. Majani yakipata madoa ya kahawia, punguza mafuta kwa nusu.

Pulizia asubuhi, umande ukishakauka. Ukingoja mchana, upepo wa bahari utaipeleka dawa kwa jirani, na jua kali juu ya jani lenye mafuta huunguza. Anza na ncha changa, kwa kuwa ndizo zinazoliwa kwanza, kisha majani mengine mpaka yaanze kudondosha tone. Kwa paa na funo fika mita 1.2, kwa mbawala fika mita 1.8. Mche mrefu kuliko hapo hauhitaji dawa juu.

Ikikauka, wewe hutasikia harufu tena baada ya siku moja au mbili. Mnyama anaisikia.

Lini kurudia

Dawa ya kwanza iwekwe siku ya kupanda, au siku moja kabla miche ingali kitaluni. Mnyama aliyekwisha kuzoea kula mahali fulani ni mgumu kumzuia kuliko ambaye hajaonja. Wakati wa kiangazi, rudia kila wiki tatu hadi nne. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba, usihesabu wiki, hesabu mvua: ikinyesha kubwa, rudia majani yakishakauka.

Kinachowakosesha wengi si mvua bali majani mapya. Dawa hii inakaa juu ya jani, haiingii ndani ya mti. Chipukizi lililotoka jana halina kitu, nalo ndilo tamu kuliko yote. Mti unapochipua kwa nguvu baada ya mvua za kwanza, pulizia ncha tu kila siku kumi; lita mbili zinatosha shamba dogo.

Baada ya miezi miwili au mitatu, badilisha harufu. Wakizoea moja bila kupata madhara, wataidharau. Damu ya machinjioni iliyochanganywa na maji mara kumi na kuchujwa ni mbadala mzuri, ila huvuta mbwa na siafu, basi isitumike karibu na nyumba.

Makosa yanayorudiwa

Kufukia mayai chini ya mche. Nguchiro na kenge wanayapenda mayai, watafukua, na mche utang'oka pamoja nayo. Mabaki na maganda yafukieni mbali na shamba.

Kupaka shina oili chafu ya gari. Harufu ni kali kweli, lakini huziba gome changa na kuua mche polepole. Majani huanza kuwa njano mwezi wa pili baada ya kupaka, na wakati huo mtu ameshasahau alichopaka.

Kuloweka matambara kwenye dawa na kuyatundika kwenye vijiti. Si kosa kwa asiye na bomba, lakini ni hafifu. Weka kijiti kila mita moja, na rudisha dawa kila wiki.

Maswali ya wakulima

*Swali (Mkwaja):* Asalaam aleikum wenzangu. Kwetu wanapita na tembo. Dawa hii itawazuia?

Waaleikum salaam ndugu yetu. Kwa kipimo hiki, hapana. Uganda na Kenya imejaribiwa dawa ya tembo yenye mayai, pilipili, vitunguu saumu, tangawizi, mwarobaini na samadi, iliyovundikwa kwa wiki kadhaa na kutundikwa kwenye chupa kuzunguka shamba zima. Hiyo ni kazi ya kundi la wakulima, si ya mche mmoja mmoja. Tembo akiingia, msimkabili. Toeni taarifa serikali ya kijiji na kwa askari wa wanyamapori.

*Swali (Muheza):* Mimi miche yangu 400. Trei sita za mayai nitazitoa wapi, jamani?

Dada, usipulizie yote. Paa hawapendi kwenda mbali na kichaka. Anza na safu mbili au tatu za pembezoni, upande wa pori, na njia wanazopitia ambazo nyayo zitakuonyesha. Ukiona uharibifu umehamia ndani, sogeza dawa. Kupunguza mayai kwenye kipimo ni ubahili utakaokugharimu, maana utapulizia mara mbili.

*Swali (Pangani):* Tatizo langu si paa, ni mbuzi wa jirani. Na siwezi kugombana naye, ni mkwe.

Chukua mavi mabichi ya mbuzi haohao, kilo mbili kwa lita tano za maji, koroga, acha usiku mmoja, chuja, kisha nyunyizia majani kwa ufagio. Mbuzi hali jani lenye mavi ya wenzake. Lisifunikwe lote, jani linahitaji mwanga. Mvua ikinyesha, rudia. Huko kwa mkwe mpelekee ombi la kamba, kwa adabu.

*Swali (Handeni):* Naweza kupulizia na mchicha na kunde? Digidigi wanamaliza.

Hapana kabisa. Mayai yaliyooza yana vijidudu vinavyoharisha, na majani hayo yanaliwa. Dawa hii ni ya miche isiyozaa bado. Kwa mboga, weka uzio wa matawi ya miba au wavu. Digidigi ni mfupi, sentimita 90 za wavu zinatosha kama chini hapana upenyo.

*Swali (Tanga mjini):* Nimeambiwa nitundike sabuni tu, au nywele za saluni.

Sabuni inayofanya kazi ni ile iliyotengenezwa kwa mafuta ya wanyama, na haivuki mita moja kutoka ilipotundikwa, yaani kila mche na kipande chake. Za mawese na nazi hazina harufu hiyo. Nywele huwa na nguvu siku chache, kisha zinabaki takataka mtini.

*Swali (Mkwaja):* Kuna anayeuza sumu ya kuchanganya na pumba. Si rahisi zaidi?

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua mnyamapori bila kibali, iwe kwa sumu au kwa mtego wa waya. Zaidi ya hapo, pumba yenye sumu italiwa na kuku wako na mbuzi wa watu kabla paa hajafika.

*Swali (Muheza):* Nimepulizia jana saa kumi jioni, usiku ikanyesha. Nirudie leo?

Chukua jani moja, lipanguse kwa kitambaa cheupe kikavu kisha ukinuse. Ukisikia yai, acha mpaka wiki ijayo. Kitambaa kikinuka maji tu, rudia kesho asubuhi, na mara hii ongeza nusu kikombe cha uji mwepesi wa muhogo uliochujwa kwa kila lita saba. Unanata jani likikauka. Ukimaliza, osha nozeli papo hapo, kwa sababu uji ukikaukia humo, hautoki bila sindano.