Umeacha gari nyumbani Moshi? Jinsi ya kutoa madoa sugu kwenye rangi na vioo bila kuiharibu

Ndugu zangu mlioko nje na mmeacha gari nyumbani, iwe Moshi iwe Arusha, na Desemba mnakuja kula sikukuu, haya ninayoandika nimeyajua kwa hasara. Gari yangu huwa naiacha kwa mama kule Rau, Moshi, inakaa chini ya mwembe mana ndo penye kivuli, mdogo wangu anaiwasha kila wiki. Mwaka juzi nimetua uwanja wa ndege wa KIA usiku, asubuhi natoka nje nakuta boneti ina mavi ya kunguru yaliyokauka sehemu kama sita, kioo cha mbele kina utando unanata kama mtu kamwagia soda, na milango chini ina vidoa vyeusi vya lami. Nikaipeleka sehemu ya kuoshea magari, nikaondoka dakika chache kununua vocha, narudi nakuta kijana anasugua boneti kwa stilwaya ile ya kusugulia sufuria na sabuni ya unga. Madoa yalitoka kweli, lakini jua lilipopiga boneti ilikuwa imejaa mikwaruzo ya duara duara, na fundi wa rangi akaniambia hapa kaka hakuna polishi itakayosaidia, ni kupiga rangi upya. Yule kijana sikumgombeza mana hakuna aliyemwambia, na mimi mwenyewe ndo niliyemwachia gari bila maelekezo.

Kitu ambacho wengi hatukijui ni kwamba ule mng'ao wa gari sio rangi yenyewe. Juu ya rangi kuna klia, tabaka linaloonyesha kama kioo, na unene wake kwa magari mengi ni kama maikroni 40 hadi 50 tu, wakati unywele mmoja wa kichwani ni kama maikroni 70. Yani kinachoilinda rangi yako ni chembamba kuliko unywele. Kila ukisugua kwa nguvu unakula hapo, na ikiisha imeisha, hairudi. Ndo mana kwenye doa lolote mi nafuata utaratibu mmoja, nalilainisha, nasubiri, halafu nalinyanyua, na naanza na kitu kipole kabisa kabla ya kwenda kwenye kikali. Na nafanya kivulini, boneti ikiwa imepoa, sio saa saba mchana juani ambapo dawa inakaukia kwenye rangi kabla haijafanya kazi na unaishia na doa juu ya doa.

Tuanze na mavi ya ndege mana ndo yanayoharibu magari mengi. Yana asidi, na humo ndani kuna chenga na mbegu ngumu. Gari ikiwa juani klia inapata moto na kutanuka, jioni inapoa inajibana kuzunguka lile doa, kwa hiyo doa linazama ndani kila siku inayopita. Chukua tishu au gazeti, loweka maji ya uvuguvugu, laza juu ya doa uliache dakika kumi, kama lina wiki mbili liache hata ishirini huku ukiongeza maji. Usibonyeze. Baadaye shika kitambaa chenye maji mengi, pitisha chini ya doa ulinyanyue kwenda juu kama unavyonyanyua chapati kwenye kikaango, geuza kitambaa upande safi, rudia. Ukisikia kitu kinakwaruza simama, mwaga maji tena. Kama likitoka likaacha kivuli, pitisha kucha taratibu juu yake. Kucha ikiteleza, polishi ya mkono itapunguza au itakimaliza kabisa. Kucha ikikwama, doa limeshaingia ndani, usimruhusu mtu akae hapo na mashine nusu saa anatafuta kulitoa mana atatoboa klia.

Utando unaonata chini ya miti ni mambo mawili tofauti. Ule mwepesi uliosambaa gari zima, hasa ukipaki chini ya mijakaranda ya Arusha au miembe, mara nyingi unatoka kwa wadudu wadogo wanaonyonya majani na kudondosha majimaji ya sukari, huo unatoka kwa maji ya vuguvugu na shampuu ya gari, tena ukiuwahi hausumbui. Utomvu wenyewe wa mti ukishakauka ukawa kama gundi ya kahawia, maji hayaugusi. Hapo tumia spiriti ile ya duka la dawa, loweka pamba, iweke juu ya tone sekunde kama 30 hadi dakika moja, pangusa bila kukandamiza, rudia mara tatu nne, ukimaliza osha mana spiriti inaondoka na nta yote iliyokuwepo hapo.

Lami pia maji hayaitoi. Mafuta ya taa kidogo sana kwenye kitambaa yanaiyeyusha, hata mafuta ya kula yanafanya kazi ukiyapa muda wa robo saa. Ukiona ile nyeusi imeanza kutiririka kahawia, futa, osha kwa shampuu hapo hapo. Petroli usitumie, watu wengi wanaitumia lakini mvuke wake unashika moto haraka na mara nyingi kuna mtu anavuta sigara hatua tatu toka hapo. Na tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, naomba niseme kwa msisitizo, usiruhusu tina karibu na gari yako. Magari yetu mengi ni yale yaliyotumika Japani, yamefika yakapigwa rangi bampa huku mtaani, na rangi nyingi za kupigiwa mtaani zinayeyuka na tina, utafuta doa uondoke na bampa.

Sisi wa nje tuna doa letu lingine, la saiti. Unajenga, gari inabeba mifuko ya saruji, fundi anapiga chokaa au rangi ya ukuta gari ipo pembeni, jioni ina matone meupe mlango mzima. Rangi ya maji ukiiwahi inatoka kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, iliyokauka ilainishe kwanza halafu inyanyue na kadi ya plastiki, sio kisu. Saruji na chokaa vinaogopa asidi, kwa hiyo chukua siki nyeupe, loweka kitambaa, laza juu dakika kumi, suuza, rudia, inaweza kuchukua raundi tano au sita na tone linapungua kidogo kidogo linakuwa kama unga. Najua inachosha, ila ukilibandua kwa kucha likiwa gumu linaondoka na klia. Ile asidi kali ya mafundi ya kusafishia vigae isikaribie gari hata kidogo.

Sasa vidoa vyeupe vya duara, hivi watu wa Arusha wanavijua vizuri. Maji ya visima vingi vya kule yana madini mengi, floridi ikiwemo, hiyo hiyo inayotia meno ukahawia. Ukiosha gari ukaiacha ikauke yenyewe juani, maji yanapaa madini yanabaki, na kesho yanaongezeka. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, futa, acha dakika moja au mbili, suuza vizuri. Kwenye kioo siki inaweza kukaa muda mrefu zaidi, hata robo saa chini ya kitambaa. Dawa ya kudumu ni kukausha gari kwa kitambaa kila ikioshwa, basi.

Vioo kwa ujumla ni vigumu kuliko rangi kwa hiyo unaruhusiwa kutumia nguvu kidogo zaidi. Kwa wadudu waliokaukia kioo cha mbele baada ya safari ya usiku Arusha kuja Moshi, laza gazeti lililolowa robo saa, watatoka. Stika za zamani, anika gari juani au puliza na draya ya nywele, paka maji ya sabuni, halafu pitisha wembe mpya ukiwa umeulaza, sio kuusimamisha, kwenda mbele upande mmoja tu bila kurudi nyuma. Gundi inayobaki paka mafuta ya kula, subiri, futa, malizia na spiriti. Lakini wembe ni kwa kioo kitupu. Upande wenye tinti usiguse, na kioo cha nyuma kwa ndani pale penye mistari ya kupasha joto usiguse, ukiukata mstari mmoja haufanyi kazi tena. Na wembe kwenye rangi, hapana kabisa hata kama stika imegoma, hapo ni joto na mafuta na subira.

Cha kubeba kwenye begi ukija: vitambaa vya maikrofaiba kama kumi, pamba ya chuma laini kabisa ya namba 0000 kwa ajili ya vioo tu (ikiwa na maji ya sabuni, na ujaribu kwanza kwenye kona), na kile kidongo cha kusafishia rangi kinachofanana na udongo wa watoto wa kuchezea. Dawa zinazoshika moto, za kutolea lami na mfano wake, usizibebe mana haziruhusiwi kwenye ndege, mafuta ya taa na spiriti utavipata hapa hapa. Kidongo kinatumika gari ikishaoshwa: vaa kifuko cha mkate mkononi pitisha vidole juu ya boneti, utasikia vipele ambavyo mkono mtupu hauvisikii, hapo lowesha kwa maji ya shampuu teleza kidongo bila kukandamiza mpaka kianze kuteleza kimya. Kikidondoka chini kitupe, hata kama ni kipya, mana kimeshaokota mchanga. Malizia na nta, mwaka huu mi nilipaka kabla sijaondoka na mdogo wangu anasema mavi ya kunguru yanatoka kwa maji tu.

Siku ya kuondoka gari ioshwe ikauke kabisa, iondoke chini ya mwembe hata kama jua litaipiga, na usiifunike ikiwa na vumbi mana upepo unasugulisha kava juu ya mchanga usiku kucha. Nyanyua waipa ziachane na kioo. Mi nimeacha kwenye buti ndoo mbili, shampuu, chupa ya siki, chupa ya spiriti na vitambaa, na karatasi nimeandika kwa maka peni "MAVI YA NDEGE: LOWEKA DAKIKA 10, USISUGUE", stilwaya nikamrudishia mama jikoni.