Mashoto kwenye dramu: anza na mguu, mikono baadaye

Kuna dogo wa kwaya huku Gungu, Kigoma, yeye ni mashoto, kila akikaa kwenye dramu anaambiwa ageuze mikono. Nimekaa naye mpaka kikaeleweka, nikaona niandike hapa maana mashoto wengi wanakatishwa tamaa bure kabisa.

1. Pima mguu
Kuwa mashoto wa mkono haimaanishi na mguu ni wa kushoto. Wengi wanasema piga mpira uone mguu gani unatangulia, sawa, ila usiishie hapo, kuna mtu anapiga shuti la kushoto lakini kwenye kiki, lile dramu kubwa la chini linalopigwa kwa pedali ya mguu, anatulia na mguu wa kulia. Kaa kwenye stuli, kanyaga pedali taratibu, mapigo manne manne, mkono uwe unagonga haiheti (matoazi mawili yanayobanana juu ya stendi), endelea mpaka mguu uchoke halafu hamia mwingine. Usiangalie upi una nguvu, sikiliza upi hauchelewi, mguu wenye nguvu unatoa mshindo mzuri lakini sebene ikichangamka unabaki nyuma. Stuli nayo icheki, ikiwa fupi hadi goti linapita nyonga kwa juu, mguu wowote utaonekana mbovu. Halafu kama umeshazoea kupiga kulia, wa kulia utashinda kwa mazoea tu, kwa hiyo upe wa kushoto siku kadhaa za mazoezi ndo uamue. Usiruhusu mtu akuamulie hili.

2. Mguu wa kulia ukishinda
Usigeuze seti, iache ilivyopangwa kwa wapiga kulia, haiheti ikiwa kushoto. Haiheti piga kwa mkono wa kushoto, sneya (dramu dogo la katikati ya magoti) kwa wa kulia, mikono haipishani. Raidi tu, lile toazi kubwa la kupigia mdundo, ndo uihamishie kushoto, juu kidogo ya haiheti. Wapiga dramu maarufu Billy Cobham na Carter Beauford wanaongoza haiheti kwa kushoto hivi hivi. Mimi kwa dramu za kanisani sioni njia bora kuliko hii, kwaya inayofuata ikija mnarudisha raidi peke yake basi.

3. Mguu wa kushoto ukishinda
Geuza vyote, kama alivyofanya Phil Collins, mpiga dramu wa bendi ya Genesis: haiheti kulia, tomu ndogo (dramu la juu ya kiki) upande huo huo, tomu kubwa ya chini kushoto. Miguu ya stendi ya haiheti itagongana na pedali, izungushe mpaka pedali ikae katikati yake. Weka alama za tepu kwenye kapeti, rangi moja yako na nyingine ya wenzako, bila hivyo kila Jumapili ni ugomvi.

4. Ukikuta seti haigeuzwi
Piga ya kulia ila roli, yale mapigo ya haraka ya kupita kwenye madramu, anzisha kwa mkono wa kushoto. Ringo Starr wa Beatles ni mashoto na amepiga seti ya kulia miaka yote, ndo maana roli zake zinapita kwenye tomu kivyake.

5. Pedali pacha
Hii ni pedali mbili zilizounganishwa, upige kiki moja kwa miguu yote miwili. Usinunue kabla ya hatua ya kwanza. Ya mashoto inatengenezwa tofauti, ile ya kawaida ukiigeuza haikai, na madukani mara nyingi utakuta ya kulia tu.