Kutengeneza mfumo wa mikataba kwenye gemu la Roma ya kale

Juzi nilikaa na kijana anayetengeneza gemu la vita vya Roma na Carthage, dola ya Afrika Kaskazini. Akipatana na wapinzani wanaochezwa na kompyuta zamu ya 12, zamu ya 13 wanamvamia, ya 14 wanaomba amani. Alishabadilisha namba mpaka akakata tamaa. Mimi kosa hilohilo liliwahi kunila wikendi nzima.

Hatua ya 1. Chagua mataifa. Matatu yanatosha: Roma, Carthage, na jirani yake Numidia.

Hatua ya 2. Orodhesha vitu vya kupatania: fedha, ardhi, meli, mateka, ruhusa ya kupigana. "Urafiki +10" futa kabisa, haununui kitu. Tazama mkataba wa 201 KK, Roma ilipoishinda Carthage: Carthage ilipe talanta 10,000 za fedha kwa miaka 50, ibaki na meli 10 za kivita, itoe mateka 100, na isipigane bila idhini ya Roma. Sharti hilo la mwisho ndilo tamu. Masinissa, mfalme wa Numidia, alikuwa akimega ardhi ya Carthage huku wenyewe wamefungwa mikono. Liweke tu, anayecheza Numidia atajua la kufanya bila kuelekezwa.

Hatua ya 3. Tenganisha kupatana na kuridhia. Shida ya kijana ilikuwa hapa: kwake jemadari akikubali, vita imekwisha. Mwaka 241 KK jemadari wa Roma, Lutatius Catulus, alipatana na Hamilcar, jemadari wa Carthage, kwamba Carthage ilipe talanta 2,200 kwa miaka 20. Wananchi wa Roma wakagoma, wakatuma wajumbe 10, zikaongezwa talanta 1,000 na muda ukakatwa nusu.

Kwa hiyo mkataba uwe na hali tatu: umependekezwa, unasubiri, umeridhiwa. Ukiwa unasubiri, majeshi ya pande zote yasimame. Kijana hakuyasimamisha, kompyuta ikaona bado ni vita, ikashambulia, shambulio likafuta mkataba, ikajiona imezidiwa, ikaomba amani upya. Kusubiri kusizidi zamu mbili, watu wanachoka. Roma ikikataa, irudi na masharti yake, isiseme "hapana" ikanyamaza.

Na tafadhali, uamuzi wa Roma wa kuridhia usiupigie kete. Mimi kete sizitaki hapa hata kidogo. Hesabu hazina iliyobaki, miji iliyopotea na uchaguzi wa makonsuli, viongozi wakuu wa Roma, ulivyo karibu, kisha mwonyeshe mchezaji hesabu hiyo, la sivyo atadhani gemu ni bovu.

Kukataa nako kuwe na gharama. Mwaka 137 KK jemadari wa Roma, Mancinus, alizingirwa na watu wa Numantia, mji wa Hispania, akapatana nao kuokoa jeshi lake. Roma ikaukana mkataba, ikamrudisha kwao uchi, amefungwa mikono. Watu wa Numantia wakakataa kumpokea! Ukikana mkataba wa jemadari wako, anayefuata kuzingirwa asipewe masharti mepesi.

Hatua ya 4. Ongeza kitisho chenye muda. Mwaka 168 KK, mjumbe wa Roma, Popillius Laenas, alimchorea Antiochus wa Nne, mfalme wa Shamu aliyeivamia Misri, duara mchangani kulekule Misri: ajibu kama ataondoka nchini humo kabla ya kutoka kwenye duara. Kwenye gemu, jibu litoke kabla zamu haijaisha.

Hatua ya 5. Jaribu kwa karatasi, maharage yakiwa talanta. Hata Excel subiri kwanza. Sisi tulicheza zamu 20 mezani, mimi nikiwa Carthage, na mara mbili nilisahau kulipa deni bila kijana kugundua. Akaenda kuongeza kikumbusho cha malipo.