Kutengeneza ethanoli kutokana na mabua na maranda

Wengi wanaoanza kutengeneza ethanoli, yaani alkoholi, kutokana na mabua hukimbilia hamira, kumbe hamira ndiyo sehemu rahisi. Kazi iko kwenye kuufungua ubua. Sukari imo ndani ya selulosi, yaani nyuzi za mmea, nayo selulosi imeshikwa na lignini, kitu kigumu kinachoupa ubua ugumu, kama nondo ndani ya zege. Anza na mabua ya mahindi. Maranda ya misonobari ni mabishi zaidi, yaache mpaka uzoee.

Hatua ya 1. Kausha mabua, yasage yawe laini, pima gramu 100.

Hatua ya 2. Vaa glavu na miwani. Tia gramu 20 za kostiki soda kwenye lita 1 ya maji, kidogo kidogo. Usimwagie soda maji. Tumbukiza mabua, pika kwa shinikizo la mvuke, nyuzijoto 121, kwa saa moja. Chombo kiwe cha chuma kisichoshika kutu, maana soda huila alumini na kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Acha kipoe chenyewe ndipo ufungue. Yale maji meusi ni lignini inayotoka. Chuja, suuza, chuja tena, mpaka maji yatoke safi na pH, kipimo cha uasidi, ikaribie 7. Usichoke hapa. Kuna usiku nilisuuza mara mbili tu nikaenda kulala. Baada ya siku tatu sukari haikuonekana, soda iliyobaki ilikuwa imeviua vimeng'enya vyote vya hatua ya 3.

Hatua ya 3. Rudishia maji, shusha pH hadi 5 kwa asidi ya sitriki, tia selulasi, kimeng'enya kinachovunja selulosi iwe sukari, kwa kipimo cha mtengenezaji. Tunza nyuzijoto 50 kwa saa 72, ukitikisa mara kwa mara.

Hatua ya 4. Poza hadi 32, tia hamira, funga kwa kizibo chenye mpira unaoishia ndani ya maji ili gesi itoke na hewa isiingie. Mapovu yakikoma, imeiva. Hamira ya kawaida haili zailosi, sukari ya hemiselulosi (sehemu nyingine ya ubua), kwa hiyo hiyo itabaki.

Hatua ya 5. Kunereka, yaani kuchemsha na kuupoza mvuke uwe kimiminika. Pata kibali kwanza, nchi nyingi zinakidai. Ethanoli huchemka kwenye nyuzijoto 78. Tumia jiko la umeme, si la moto, maana mvuke wa ethanoli hushika moto upesi. Hata ukirudia, utakwama kwenye asilimia 95 hivi. Ya kuchanganya na petroli ipitishe kwenye zeolaiti ya 3A, punje zenye vitundu vidogo sana, inyonye maji yaliyosalia.

Gramu 100 za mabua, hesabu ikitimia yote, hutoa mililita 25 hivi za ethanoli. Ukipata 15, umefanya vizuri. Ukipata 5, kagua makapi yaliyobaki: yakiwa bado mengi na magumu, rudi hatua ya 2.