Viza ya ulinzi imekataliwa Australia: jinsi ya kuomba mapitio ya mahakama

Una siku 35 za kupeleka mahakamani kukataliwa kwa viza yako ya ulinzi (viza ya mkimbizi), na zinaanza kuhesabiwa tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi wa Baraza la Mapitio ya Kiutawala (chombo kinachopitia upya maamuzi ya serikali, kilichochukua nafasi ya baraza la zamani, AAT, Oktoba 2024), si siku uliyofungua barua pepe wala uliyompata mtu wa kukusomea. Tafuta tarehe hiyo kwanza, kabla hata ya kupiga simu nyumbani.

Kama aliyekukatalia ni ofisa wa Idara ya Mambo ya Ndani na hujafika kwenye Baraza, kwa kawaida lazima uanzie huko. Mahakama haitakupokea ukiliruka.

Kinachowaponza wengi ni hiki: jaji haamui kama wewe ni mkimbizi. Hatasikiliza upya yaliyokupata Uvira au Bujumbura, wala hana kazi na barua mpya ya mchungaji. Anatafuta kosa la kisheria, tena zito kiasi kwamba bila hilo uamuzi ungeweza kuwa mwingine. "Hawakuniamini" peke yake si hoja. "Nilisema naogopa kwa sababu ya kabila na siasa, wao wakajibu la kabila tu" ni hoja. Kunyimwa nafasi ya kujibu taarifa mbaya waliyokuwa nayo juu yako pia ni hoja.

Ukalimani nao uuchunguze. Mtu wa Bukavu akiwekewa mkalimani wa Kiswahili cha pwani, maneno yanaweza kupotea njiani. Omba rekodi ya sauti ya kikao, isikilize na mtu anayezijua vizuri lugha zote mbili, na andika dakika ya kila kosa. Makosa madogo hayatoshi. Onyesha yaliyobadili ushahidi wako.

Sasa jaza fomu ya maombi ya kesi za uhamiaji, inayopatikana kwenye tovuti ya Mahakama ya Mzunguko na Familia ya Shirikisho, Kitengo cha Pili. Wajibu maombi, yaani wale unaowafungulia kesi, ni Waziri wa Uhamiaji na Baraza. Andika hoja zako, kisha ambatanisha hati ya kiapo yenye nakala ya uamuzi, uliyoiapa mbele ya wakili au mtu mwingine aliyeidhinishwa kushuhudia viapo. Ukihitaji mkalimani mahakamani, taja Kiswahili cha wapi. Ada ipo, ila mwenye hali ngumu anaweza kuomba nafuu. Usihofie jina lako: hukumu za viza ya ulinzi hutumia herufi na namba badala yake.

Umechelewa? Omba kuongezewa muda kwenye fomu hiyohiyo, ukieleza kilichokuchelewesha na kwa nini hoja zako zina uzito.

Ukishasajili, omba viza mpya ya mpito (ya kukuruhusu kukaa nchini ukisubiri kesi) mara moja, kabla ile ya zamani haijaisha. Kufungua kesi hakukupi viza.

Mwanasheria mtafute mapema: mashirika ya msaada wa kisheria kwa wakimbizi yapo, Refugee Legal wako Melbourne, RACS (Refugee Advice and Casework Service) wako Sydney, na kila jimbo lina ofisi ya msaada wa kisheria. Wakala wa uhamiaji asiye mwanasheria hawezi kukuwakilisha mahakamani, hata akikutoza pesa nyingi.

Ukishinda, faili kwa kawaida hurudi Baraza liamuliwe upya, viza bado. Ukishindwa, una siku 28 za kukata rufaa Mahakama ya Shirikisho, na huenda ukaamriwa kulipa gharama za mawakili wa Waziri, ambazo ni maelfu ya dola. Mwulize mwanasheria juu ya deni hilo kabla hujasajili.