Laptop imegoma kuwaka baada ya kurudishwa Windows 10: usikimbilie kupiga Windows

Laptop nyingi zinazozunguka Dodoma mjini ni za mtumba: EliteBook, Latitude na ThinkPad zenye Core i5 ya kizazi cha 6 au cha 7. Windows 11 haizikubali rasmi, maana inadai kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Watu huipachika kwa kuruka vigezo, mashine inakuwa nzito, kisha wanataka kurudi Windows 10. Katikati ya safari umeme unakatika na betri ya mtumba haishiki, au nafasi ya diski inaisha. Ukiwasha tena unapokewa na kioo cheusi, au namba 0xc000000f, au 0xc0000225, au "No bootable device".

Fundi mwenye haraka atasema tupige Windows, yaani aiinstoli upya. Mkatalie kwanza. Mara nyingi kilichovurugika ni faili za kuwashia tu, na hizo hukaa kwenye kipande kidogo cha diski, MB 100 hadi 500. Tasnifu, picha na hesabu za duka bado ziko palepale. Kitakachozifuta ni kufomati.

Anza na vitu vya mkono. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kandamiza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha kila kitu, washa. Ikiwa bado, ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya Windows kuwaka: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Tazama kama diski inaonekana. Isipoonekana, Windows haina kosa. Diski imelegea au imekufa, na amri zote zilizoko hapa chini hazitasaidia. Tazama pia mpangilio wa SATA, yaani namna mashine inavyowasiliana na diski. Kama mtu aliubadilisha kutoka AHCI kwenda RAID, au kinyume chake, urudishe ulivyokuwa. Mabadiliko hayo ni chanzo cha kawaida cha kosa la INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE.

Sasa tafuta flashi mbili za GB 8 na kompyuta nzima ya kuzitengenezea. Moja iwe na Windows 10 kutoka tovuti ya Microsoft, nyingine Linux Mint, mfumo wa bure unaofanya kazi bila Windows, zote ziandikwe kwa Rufus, programu ya bure ya kutengenezea flashi za kuwashia. Windows peke yake inakaribia GB 6, kwa hiyo bando la siku halitoshi. Tafuta Wi-Fi ya chuo au ya ofisini. Kwenye Rufus chagua GPT (mpangilio mpya wa diski) na UEFI (mfumo mpya wa kuwashia) kwa mashine za miaka ya karibuni. Ukichagua MBR, mpangilio wa zamani, kwa mashine ya UEFI, huenda flashi isionekane kabisa, ukadhani imeharibika.

Okoa faili kabla ya kugusa chochote. Chomeka flashi ya Mint, washa huku ukigonga F9 kwa HP au F12 kwa Dell na Lenovo, uichague. Mint itawaka ndani ya RAM bila kuandika kitu kwenye diski yako. Usibofye ile alama ya kuinstoli. Fungua diski ya Windows, nenda Users, kisha jina lako, unakili Desktop, Documents, Downloads na Pictures kwenda diski ya nje. Kama Users ni tupu, tafuta ndani ya Windows.old, folda ambamo Windows huweka toleo lililotangulia, kwa sababu zoezi la kurudi nyuma huhamisha mafolda na lilikatika njiani. Diski ya nje iwe imefomatiwa kwa exFAT au NTFS. FAT32 hukataa faili moja inayozidi GB 4. Mint ikilalamika kwamba diski inasomeka tu na haiandikiki, hiyo haikuzuii kunakili.

Ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayosimba diski nzima, utahitaji ufunguo wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Usizime hovyo Secure Boot, kinga ya kwenye BIOS inayozuia mifumo isiyotambulika kuwaka: kuizima peke yake kunaweza kuifanya BitLocker iudai ufunguo huo.

Faili zikiwa salama, washa kwa flashi ya Windows. Kioo cha kwanza kikitokea, bonyeza Shift na F10 kwa pamoja. Kwenye baadhi ya laptop ongeza Fn. Dirisha jeusi la amri litafunguka. Andika:

diskpart
list volume

Tafuta kipande cha FAT32 chenye MB 100 hadi 500. Flashi yako nayo huenda ikawa FAT32, kwa hiyo linganisha ukubwa kabla ya kuchagua. Angalia pia Windows iko kwenye herufi gani, maana humu C inaweza kugeuka D; ikiwa hivyo, andika D badala ya C kwenye amri zote zinazofuata. Kama kipande ni namba 3:

select volume 3
assign letter=S
exit
bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Ukijibiwa "Boot files successfully created", chomoa flashi na uwashe. Mashine nyingi hupona hapa. Wengi hung'ang'ania bootrec /fixboot, na mashine za UEFI huwajibu "Access is denied". Ruka hiyo, bcdboot inatosha. Ikikujibu kwamba imeshindwa kunakili faili, hakikisha kwanza herufi, kisha andika dir C:\ uone kama folda ya Windows ipo. Kama iliyobaki ni Windows.old pekee, usijaribu kuihamisha kwa mkono. Mafolda mengi na rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) lazima virudi pamoja, na ukikosea kimoja unazunguka siku nzima.

Kama inawaka kisha inajizima na kuanza upya bila kukoma, rudi kwenye dirisha jeusi uandike:

chkdsk C: /f
dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Amri ya pili hufuta masasisho yaliyokwama nusu.

Yote yakishindikana, hapo ndipo piga Windows. Chagua "Custom", na toleo lilelile, Home au Pro, lililokuwa mwanzo. Ukiulizwa namba ya leseni, bofya "I don't have a product key". Mashine iliyokwisha kuamilishwa huitambua leseni yake ikipata intaneti. Kama diski haionekani kwenye orodha na laptop ni ya Intel kizazi cha 11 au zaidi, inahitaji draiva ya Intel RST, inayoiwezesha Windows kuiona diski: ipakue kwenye tovuti ya mtengenezaji, ifungue, iweke kwenye flashi, ubofye "Load driver". Ukiinstoli bila kufomati, faili za zamani hukusanywa ndani ya Windows.old, usilifute folda hilo hadi uhakikishe nakala zako zinafunguka. Jua pia kwamba Microsoft ilisitisha masasisho ya bure ya kawaida ya usalama wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo kwa mashine ya zamani isiyo na kazi ya lazima ya Windows, ile Mint uliyoiwasha kwa flashi inastahili kubaki.