Unahama nyumba hapa Arusha na mpya haijaisha? Namna ya kupata stoo ya vyombo ya muda mfupi

Kama mkataba wa nyumba unaisha mwisho wa mwezi na kule unakohamia fundi bado anapiga plasta, au unasafiri miezi miwili na hutaki kulipia nyumba tupu, usikimbilie fremu ya duka. Mwenye fremu anataka miezi sita au mwaka na wewe unatafuta sehemu ya kulaza vyombo tu. Tafuta chumba cha uani kwa mtu, Njiro, Sakina au Moshono, au banda la gari lisilo na gari ila lina mlango wa kufunga, au omba kona kwenye godauni la mtu kule Unga Limited ama Themi.

Na usianze na dalali. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, sasa ukihifadhi mwezi mmoja si umelipa mara mbili jamani. Anza kwa Mangi wa duka la mtaani, yeye anajua nani kahama na nani ana chumba kimekaa tu, halafu waulize bodaboda wa kijiweni.

Ukienda kukagua, angalia juu kabla hujauliza bei. Silingibodi ikiwa na madoa ya kahawia bati linavuja, hata kama siku hiyo jua linawaka, na masika ya huku Machi mpaka Mei sio ya kujaribu, halafu mwezi wa saba nao ni baridi na manyunyu, kitu kikiloa hakikauki. Kisha shuka chini, rangi inayobanduka karibu na sakafu ujue unyevu unapanda ukutani, na kamstari ka udongo ukutani ni njia ya mchwa. Mimi naona bora uongeze hela upate chumba kikavu kuliko kuokoa kidogo ukaja kutupa godoro na makochi.

Hata kikiwa kikavu usiweke kitu chini moja kwa moja, panga matofali au pareti za mbao kwanza, na acha nafasi kidogo ukutani hewa ipite. Godoro lianike juani kutwa nzima ndio ulifunge nailoni, ukifunga na unyevu unafungia ukungu humo humo. Wenzetu wa safari wanaohifadhi mahema kipindi wageni wamepungua, hii inawahusu sana. Friji izimwe mapema, barafu iishe, ifutwe ndani, mlango uachwe wazi kidogo. Unga, mchele na mahindi usiache hata kikombe, panya atakuja na akimaliza anahamia kwenye makochi. Mtungi wa gesi na petroli visiingie kabisa kwenye chumba kilichofungwa, peleka kwa ndugu. Vyeti na hati tembea navyo.

Mkataba hata nusu karatasi unatosha, ila uwepo: kodi ya mwezi, tarehe ya kuingia na kutoka, ukizidisha wiki unalipaje, funguo anakaa nazo nani. Andika orodha ya vyombo, piga picha kila kitu mwenye nyumba akiwepo, wote msaini na balozi au mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Kodi lipa kwa simu, meseji inabaki. Kufuli nunua lako, na umwambie mwenye nyumba ukweli wa kilichomo, ni kwake na ana haki ya kujua.

Kusafirisha, kirikuu inatosha kwa vyombo vya chumba na sebule, patana bei ikiwa pamoja na kupakia na kushusha, maana wapakiaji wakidai yao mlangoni ni ugomvi. Friji isafiri imesimama. Ikibidi ilazwe, ukifika kwako isimamishe ikae mpaka kesho yake ndio uchomeke, mafuta yarudi kwenye kompresa.